Kuratibu wajitoleaji kwa simu: mwongozo kwa asasi ndogo

Asasi nyingi huku kwetu huanza na kaunta buku. Jina, namba ya simu, sahihi, basi. Wajitoleaji wakiwa kumi na tano, kaunta buku linatosha na mtu asikudanganye. Wakifika sitini, mratibu anashinda na simu sikioni: nani anakuja Jumamosi, nani hajapata nauli yake, nani kahama na hakuaga. Hapo ndipo hujitokeza mtu na ushauri wa kununua "mfumo".

Mwongozo huu ni wa mratibu huyo. Tuchukulie mfano mmoja twende nao mpaka mwisho: asasi ya kufikirika ya Temeke, wajitoleaji 60, vituo vinne, kila Jumamosi asubuhi wanawafundisha watoto kusoma. Kila zana tutakayoigusa tutaipima kwa swali moja: je, itafanya kazi kwenye simu aliyo nayo mjitoleaji? Kompyuta ya ofisini haituhusu sana.

Hatua ya 1: Zijue simu za watu wako

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, pita kituo kwa kituo uulize mambo manne. Ana simu janja au kitochi? Simu ni yake peke yake, au anachangia na mtu nyumbani? Bando anaweka kila siku, kila wiki, au akijaliwa? Na laini imesajiliwa kwa jina la nani? Hilo la mwisho watalishangaa, lakini utalishukuru tukifika kwenye nauli.

Uliza ana kwa ana. Ukituma fomu ya mtandaoni, watakaoijaza ni wenye simu janja na bando, nawe utabaki ukiamini kwamba watu wote wako hivyo. Tuseme umemaliza na umepata 38 wenye simu janja na 22 wenye vitochi. Ukiwaangalia vizuri hao 22, utakuta wamo akina mama watu wazima ambao hawajakosa Jumamosi hata moja. Mfumo unaowaacha nje hao umekuharibia asasi, hata kama umeletwa bure.

Programu kubwa za kuratibu wajitoleaji zipo, na baadhi ni nzuri. Volgistics ya Marekani na Better Impact ya Kanada zinajulikana sana kwenye hospitali na makumbusho ya huko. Lakini zimejengwa kwa mazingira ambamo mjitoleaji ana barua pepe na anaifungua kila siku. Huku, watu wengi barua pepe waliifungua siku waliponunua simu, na nywila wameshaisahau. Kama kazi yako kweli haiwezekani bila simu janja, basi simu iingie kwenye bajeti. Kenya walifanya hivyo Septemba 2023: wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 walipoanza kupewa vifaa vya kazi, simu ya kurekodia taarifa za kaya ilikuwemo.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha moja, na iwe moja kweli

Jedwali la Google Sheets linatosha kwa watu mia kadhaa. Liwe kwenye akaunti ya asasi, maana likikaa kwenye akaunti binafsi ya mtu, siku akiondoka anaondoka nalo. Kila mjitoleaji apate namba yake ya utambulisho, kwa mfano TMK-017, na namba hiyo isibadilike hata akibadili laini au jina. Bila hiyo, baada ya miezi sita utakuwa na Mwanaidi S., Mwanaidi Saidi na Mama Mwanaidi, na wote ni mtu mmoja.

Safu zinazohitajika si nyingi: namba ya utambulisho, jina, simu, aina ya simu, jina lililosajili laini, kituo, siku anazoweza, mtu wa kupigiwa akipata dharura, tarehe aliyotoa ridhaa. Ukijikuta unaongeza dini, kabila au kiwango cha elimu, jiulize utakifanyia nini. Kama huna jibu, kifute.

Kuna mtego mmoja hapa. Jedwali likiona 07 mwanzoni mwa namba ya simu, hudhani ni hesabu na kuikata ile sifuri, kisha ujumbe hauendi popote. Ibadilishe safu nzima iwe ya maandishi kabla hujaanza kuingiza, au andika namba zote kwa kuanzia 255. Dakika mbili tu.

Hatua ya 3: Omba ridhaa kabla hujakusanya

Watu wengi huruka hapa, na sasa kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukikusanya majina na namba za watu kwa kazi ya asasi, zinakuhusu. Nenda kaulize utaratibu wa kusajiliwa kabla hujaulizwa wewe.

Ridhaa yenyewe iandike kwa lugha ya kawaida, ikae kwenye nusu ukurasa: tunachukua nini, kwa nini, nani atakiona, tutakaa nacho muda gani, na ukitaka kifutwe umwambie nani. Msomee asiyeweza kusoma. Kwa asasi ya mfano wetu kuna jambo zito zaidi, nalo ni watoto. Picha ya mtoto iliyopigwa darasani ikitumwa kwenye grupu la watu 60, hujui itakakofika. Weka katazo la wazi: mjitoleaji hapigi picha za watoto kwa simu yake, hata kwa nia njema. Na kabla hajaingia darasani mara ya kwanza, mwombe cheti cha tabia njema cha polisi na wadhamini wawili, uwapigie wewe mwenyewe. Hakuna programu itakayokufanyia kazi hiyo.

Hatua ya 4: Panga njia za kuongea na watu

Wenye simu janja wako WhatsApp tayari, kwa hiyo waende huko. Ila grupu moja la watu wote ni balaa. Tangazo la mabadiliko ya kituo linamezwa na salamu za asubuhi, dua, video za vichekesho na matangazo ya vitenge, na mtu akifungua jioni anakuta ujumbe 140. Juu ya hilo, kwenye grupu la kawaida kila mmoja anaiona namba ya kila mmoja. Waulize wasichana waliojitolea kwenye asasi mbalimbali ni mara ngapi wamepata "mambo" usiku kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Tumia Jumuiya za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2022. Unakuwa na eneo la matangazo ambako maadmini tu ndio wanaoandika, na wanachama wa kawaida hawaonani namba. Chini yake weka grupu dogo la kila kituo, watu kumi na tano hivi, na hapo waacheni wasalimiane, watumiane dua na wataniane. Utani huo ndio unaomrudisha mtu Jumamosi ijayo. Kuuliza nani anakuja, tumia kura ndani ya grupu la kituo kila Jumatano, kisha Ijumaa jioni umpigie asiyejibu.

Ukipendelea orodha ya matangazo badala ya grupu, kumbuka kwamba ujumbe wake humfikia tu mtu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Waratibu wengi hulalamika kwamba watu wanawapuuza, kumbe ujumbe haukufika kabisa.

Wenye vitochi wanahitaji SMS, tena iliyoandikwa kwa nidhamu. Mfano:

*Habari Mwalimu. Jumamosi 14/6 saa 3 asubuhi, kituo cha Mtoni. Utakuja? Jibu NDIYO au HAPANA. Nauli itatumwa jioni. Mratibu*

Hiyo haizidi herufi 130. SMS moja hubeba herufi 160. Lakini ukiweka kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na ujumbe huohuo unahesabiwa na kulipiwa kama miwili. Ukiwatumia watu wengi kwa mkupuo kupitia kampuni kama Africa's Talking au Beem, utapewa nafasi ya kutumia jina la asasi kama mtumaji. Linapendeza, lakini mtu hawezi kulijibu jina. Kama unataka NDIYO na HAPANA zirudi, tuma kwa namba.

Halafu kuna saa. Ukiweka kikumbusho cha kujiendesha chenyewe, mashine itaandika 9:00, na kuna atakayesoma saa tisa akaja mchana wakati watoto wameshaondoka. Andika wewe mwenyewe "saa 3 asubuhi", kila mara, kwenye kila ujumbe. Usimwachie mashine sehemu hiyo.

Hatua ya 5: Mahudhurio

Huhitaji simu janja 60. Unahitaji nne, moja kila kituo, mkononi mwa kiongozi wa kituo. Sakinisha KoboCollect, programu inayotumiwa sana na mashirika ya misaada kwa sababu moja kubwa: fomu inajazwa bila mtandao, inakaa ndani ya simu, na inatumwa bando likipatikana. Fomu za Google hazina huruma hiyo. Mtandao ukiyumba katikati, kiongozi wako anaweza kujikuta anaanza upya.

Fomu iwe na maswali matano: kituo gani, tarehe, waliofika (orodha ya kuweka alama ya vema), watoto wangapi, na kisanduku kimoja cha "jambo la kusema". Hicho cha mwisho usikidharau. Huko ndiko utakuta kwamba choo cha kituo kimefungwa, au kwamba mwalimu fulani anakuja lakini amenyong'onyea.

Mfadhili atataka jumla ya saa za kujitolea, na jedwali litampa kwa kubonyeza mara moja. Mimi ningekushauri uangalie namba nyingine kwanza: wangapi kati ya waliokuja mara ya kwanza walirudi mara ya pili. Asasi inayopata wapya ishirini kila mwezi na kupoteza kumi na nane ina ripoti nzuri na hali mbaya. Panga jedwali likuoneshe kwa rangi nyekundu yeyote aliyekosa Jumamosi mbili mfululizo, kisha umpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie. Kama kulikuwa na msiba, utakuwa umempa pole. Kama aliudhiwa na kiongozi wa kituo, atakuambia kwenye dakika ya tatu ya mazungumzo, baada ya salamu za nyumbani kwisha.

Hatua ya 6: Nauli

Pesa ya simu imebadilisha kazi ya kujitolea kuliko programu yoyote ya kisasa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo bahasha za nauli zenye sahihi za kughushi hazina sababu ya kuwepo tena. Omba akaunti ya malipo ya mkupuo kwa mtandao wa simu au benki. Unapakia faili la namba na kiasi, mmoja anaandaa na mwingine anaidhinisha, na kumbukumbu ya kila muamala inabaki.

Jina litakalotokea kwenye muamala ni la aliyesajili laini. Ndiyo maana tuliuliza mwanzoni. Mjitoleaji anayetumia laini iliyosajiliwa na kaka yake ataonekana kwa mkaguzi kama mtu asiyejulikana, nawe utatafutwa. Aandike barua fupi ya kukubali malipo yapitie laini hiyo, ukaiweke kwenye faili.

Na tuma na ya kutolea. Nauli ya kwenda na kurudi ikikatwa ada ya wakala, mtu amejitolea muda wake na bado katoa mfukoni. Ni hela ndogo kwa asasi, na inasemwa sana vijiweni asasi isipoiweka. Itume jioni ileile, kama SMS ilivyoahidi. Ukianza kuchelewesha mpaka Jumatano, mwezi ujao kura zako za Jumatano zitakuwa na HAPANA nyingi.

Kiasi kifuate gharama halisi. Ukimlipa kila mtu kiasi kilekile kila mwezi, aje asije, umeshaanza kulipa mshahara bila mkataba.

Hatua ya 7: Wajitoleaji wanaosaidia kutoka mbali

Hili ndilo jipya zaidi, na mifano mizuri iko hapahapa Afrika Mashariki. Programu ya ramani iitwayo Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, pale watu wa kujitolea walipoweka kwenye ramani taarifa zilizotumwa na wananchi. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zenyewe kuchora mitaro, njia na nyumba za maeneo yanayofurika. Mwaka huohuo ilianza Crowd2Map, ambako watu walio nchi mbalimbali huchora nyumba na barabara za vijiji vya Tanzania kutoka kwenye picha za setilaiti, ili wanaowasaidia wasichana wanaokimbia ukeketaji wajue pa kupita.

Angalia namna kazi ilivyogawanywa huko. Aliye mbali anaona paa na njia kwenye picha. Haoni jina la kitongoji wala zahanati ni ipi kati ya majengo yale. Hayo huongezwa na mkazi mwenye simu aliyesimama hapohapo. Kazi yenyewe hukatwa vipande vidogo ambavyo mtu anavimaliza kwa muda mfupi, na kila kipande hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kukubaliwa.

Asasi ya Temeke inaweza kuiga hivyo hivyo. Mtanzania aliyeko Muscat au Minnesota hawezi kufundisha Jumamosi, lakini anaweza kusahihisha hadithi fupi kabla hazijachapwa, kutengeneza jedwali, au kuandika ripoti ya mfadhili kwa Kiingereza. Mpe kazi moja yenye mwisho unaoonekana, tarehe, na mtu mmoja wa kumuuliza. Ukimwambia tu "tusaidie mitandaoni", atakuwa na hamu wiki mbili, kisha kimya.

Hatua ya 8: Akili mnemba, kwa kipimo

Akili mnemba, yaani programu kama ChatGPT, inasaidia kuandika. Maelezo ya kazi ya mjitoleaji, mwongozo wa siku ya kwanza, barua za shukrani, muhtasari wa yale maoni ya viongozi wa vituo: vitu hivi huchukua siku nzima, na sasa unapata rasimu ndani ya dakika chache. Ipe maelekezo yenye nyama. Badala ya "andika tangazo la wajitoleaji", iambie: "Andika tangazo la maneno 80 kwa Kiswahili cha kawaida cha Dar es Salaam. Tunatafuta watu wa kufundisha watoto wa miaka 7 hadi 10 kusoma, Jumamosi saa 3 hadi saa 6 mchana, Temeke. Nauli inarudishwa. Usitumie maneno ya kiofisi." Kisha soma kwa sauti. Kiswahili chake mara nyingi kina harufu ya tafsiri, na saa inaichanganya kama nilivyosema. Rekebisha.

Mambo mawili usiipe. La kwanza ni orodha yako yenye majina, namba za simu na habari za watoto; ukitaka ikusaidie kuchambua mahudhurio, bandika namba za utambulisho peke yake. La pili ni uamuzi wa nani akubaliwe na nani akataliwe. Mtu aliyeandika fomu kwa Kiswahili kibovu anaweza kuwa ndiye mwalimu ambaye watoto watamng'ang'ania.

Hatua ya 9: Jiandae kwa siku mtandao ukikatika

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. SMS na simu za kawaida ziliendelea. Kwa hiyo kila kiongozi wa kituo awe na karatasi yenye majina na namba za watu wake, iliyochapwa upya kila mwezi na kufungiwa kabatini. Gawa simu za dharura kama mabalozi wa nyumba kumi: wewe unawapigia viongozi wanne, kila kiongozi anawapigia watatu, kila mmoja wa hao anawapigia wanne. Watu 60 wanapata habari ndani ya nusu saa bila bando. Fanyeni zoezi lake mara moja mtandao ukiwepo, mtagundua namba ngapi zimekufa.

Hatua ya 10: Mtu anapoondoka

Ataondoka, wengine kwa ajira, wengine kwa ndoa, wengine kwa kuchoka. Siku hiyohiyo mwondolee ruhusa ya kufungua jedwali la pamoja, mtoe kwenye magrupu ya kazi, na kama alikuwa admini au mwidhinishaji wa malipo, badilisha namba za siri. Hakikisha grupu halikufunguliwa kwa laini yake binafsi. Laini inayobeba WhatsApp ya asasi isajiliwe kwa jina la asasi na iwekwe vocha mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa, ikauzwa kwa mtu mwingine, naye akaanza kupokea meseji zako.

Mpe barua yenye jumla ya saa alizojitolea, kazi alizofanya na tarehe, iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Jedwali linakupa hizo saa papo hapo, na kijana anayetafuta kazi ya kwanza ataipeleka barua hiyo kwenye kila usaili. Kisha weka kikumbusho cha tarehe ambayo taarifa zake zitafutwa, kama ulivyomwahidi kwenye karatasi ya ridhaa, na ikifika, zifute.